Vikao vya walimu kuhusu ubaguzi wa rangi: shule inalipia nini?

Huduma tunayoipima hapa hutolewa na wawezeshaji wa kujitegemea wanaozunguka shule za Nairobi. Ni vikao 3 vya dakika 90 kila kimoja, vikipishana kwa wiki 2. Vifaa ni vichache: kadi 24 za visa vya shuleni, ukurasa mmoja wa historia na fomu ya ufuatiliaji. Projekta haitumiki, na afadhali. Taa zikizimwa, nusu ya walimu husinzia.

Nguvu yake iko kwenye kadi. Mtoto ana jina la Kidinka, na kwa kuwa linamtatiza mwalimu wa zamu, anamwita "Sudani". Mgeni wa heshima anakuja, na msichana wa kumpa maua ni yuleyule mweupe wa kila mwaka. Mwanafunzi Msomali aliyezaliwa Eastleigh, hapahapa Nairobi, anaulizwa mbele ya wenzake ametoka wapi "hasa". Walimu husoma kimya dakika 3, kisha kila mmoja huandika sentensi moja: nini kingefanywa kabla ya kengele kulia? Ndipo mdomo hufunguliwa. Hatua hiyo ya kuandika isirukwe hata muda ukibana, maana bila hiyo mwenye sauti kubwa hufunga mjadala kabla haujaanza.

Kuna utetezi mmoja utakaosikika katika kila shule: "Huo ulikuwa utani tu." Mwongozo wa mwezeshaji unaujibu vizuri kuliko tulivyotarajia. Mtani hujibiwa na mtani mwenzake, na mtoto wa Gredi ya 4 hawezi kumjibu mwalimu wake. Basi huo si utani.

Kundi liwe la watu 8 hadi 12. Shule zinazobana matumizi huwajaza walimu 40 ukumbini, na hapo kikao hugeuka baraza: wanne wanasema, waliobaki wanachezea simu. Mwalimu mkuu naye asikae ndani. Ana sauti katika tathmini ya kazi ya walimu wake, kwa hiyo akiwepo watasema anachopenda kusikia. Azungumze na mwezeshaji kando, nusu saa inatosha.

Kikao cha pili ndicho huharibika. Mazungumzo ya rangi huteleza yakaingia ukabila, kwa sababu kuhusu kabila kila mtu ana la kusema na lawama huwaendea wanasiasa. Mwezeshaji dhaifu huachia tu. Aliye mzuri hushikilia dakika 20 za kwanza ziwe za kadi iliyo mezani, kisha huruhusu kabila liingie. Hakuna haja ya kulifukuza, maana Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi wa mbari, wa rangi na wa asili ya kikabila kwa pamoja.

Ukurasa wa historia ni sahihi ila mfupi mno. Unaeleza kwamba Nairobi School na Lenana zilikuwa za Wazungu, zikiitwa Prince of Wales na Duke of York, na kwamba Jamhuri ilikuwa Duke of Gloucester ya Waasia. Halafu unaishia kwenye uhuru. Hausemi kwamba katika shule nyingi karo ndiyo iliyoshika zamu langoni baada ya hapo.

Kasoro inayokera zaidi iko kwenye kadi ya 17, inayomtaja "mwanafunzi wa kigeni mwenye asili ya Kihindi" anayeishi Parklands na familia yake kwa vizazi vitatu. Mgeni kwa lipi? Serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa jamii ya 44 ya Kenya tangu Julai 2017. Kadi inatenda kosa lilelile inalokataza. Na hakuna hata kadi moja kuhusu mikataba: katika shule za mitaala ya kigeni, mwalimu aliyeletwa kutoka ng'ambo na mwenzake wa hapa wanaweza kufundisha somo moja kwa malipo tofauti. Huenda mnunuzi asingependa kulisikia.

Fomu ya ufuatiliaji ina nafasi ya herufi za jina la mtoto. Zifuteni, katika shule ndogo herufi 2 zinatosha kumtambulisha. Tukio zito la mwalimu kumdhalilisha mwanafunzi si la kikao hata kidogo, lipelekwe kwa uongozi wa shule na TSC, tume inayoajiri na kusimamia walimu.

Chagueni Jumanne au Jumatano. Ijumaa alasiri walimu huwaza msongamano wa Thika Road. Muhula wa 3 msahau, una mitihani ya kitaifa.

Tunaipa 7 kati ya 10. Ombeni kuziona kadi zote kabla ya kulipa, na mwezeshaji akisitasita, tafuteni mwingine.