Gmsh kwa kuandaa modeli: meshi safi, ila usafi wa mchoro ni juu yako

Natumia Gmsh, programu ya kugawa mchoro kuwa meshi (wavu wa vipande vidogo viitwavyo elementi, vinavyokutana kwenye pointi ziitwazo nodi), kuandaa vipande vya chuma kabla ya kuvipeleka CalculiX, solva inayokokotoa mkazo. Ni ya bure, ni nyepesi, na kwenye meshi ya tetrahedroni (piramidi za nyuso nne za pembetatu) inafanya kazi yake vizuri. Ila ukiipa mchoro wa kiwandani ulivyo, ukitegemea ikusafishie, utaumia.

Safisha kwenye CAD (programu ya kuchorea) kabla ya kuhifadhi faili la STEP, lile la umbo la kipande. Ondoa maandishi yaliyochongwa, nyuzi za bolti, vitobo vilivyo mbali na mzigo na filleti (kona zilizoviringishwa) za nje. Filleti ya milimita 1 kwenye kipande cha milimita 200 hulazimisha elementi ndogo mno mahali pasipo na la maana. Filleti ya kona ya ndani, mzigo unapopita, usiiguse. Ukiifuta inabaki kona kali, na hapo mkazo hauna kikomo: kila ukipunguza ukubwa wa elementi namba inapanda, wala haitulii. Wengi huishia kulaumu solva.

Vipande vilivyogusana vipitishe kwenye BooleanFragments, amri ya Gmsh inayovifanya vishirikiane mpaka. Bila hivyo kila kimoja kinapata nodi zake na mzigo hauvuki mpaka.

Kwenye mipangilio, Mesh.MeshSizeFromCurvature ya 12 (elementi kwa duara zima la tundu) yatosha kuanzia. Penye tundu ninalotaka kusoma mkazo napandisha hadi 24. Mesh.ElementOrder (daraja la elementi) iwe 2, hilo sibishani nalo. Tetrahedroni za nodi 4 ni kaidi kwenye kupinda, zitakuonyesha bamba limepinda kidogo kuliko uhalisia, nawe utafurahi bure. Tumia za nodi 10, angalau elementi mbili kwenye unene. Bamba jembamba sana lifanye ganda (shell, uso mtupu badala ya ujazo) tu.

Kero yangu ni faili la .inp, lile Gmsh inaloandika kwa ajili ya CalculiX. Ukitaja Physical Surface (kikundi cha uso) ili upate mahali pa kubana au kuweka mzigo, pembetatu za uso huo zinaandikwa kama elementi za CPS6 (pembetatu bapa za nodi 6). CalculiX inaona hazijapewa sehemu (section) wala mata (material), inagoma. Weka Mesh.SaveGroupsOfNodes = 1, kisha fungua faili kwa kihariri cha maandishi ufute mafungu ya CPS6 pamoja na ELSET (vikundi vya elementi) zinazozitaja. Bakiza C3D10 (tetrahedroni za nodi 10) na NSET (vikundi vya nodi). Na usisahau Physical Volume (kikundi cha ujazo wa kipande): ukishataja kikundi kimoja, kisichokuwa kwenye kikundi hakihifadhiwi.

Vizio vya vipimo havilindwi na yeyote. STEP huingia kwa milimita, hivyo chuma ni 210000 MPa, densiti 7.85e-9 tani kwa milimita ya ujazo, mvutano wa dunia 9810 mm/s². Ukiandika 7850 kwa mazoea, uzito unazidi mara trilioni moja. Mimi huweka uzito peke yake kwanza, najumlisha nguvu za kwenye vizuizi, nalinganisha na hesabu ya mkono.

Nyota 4 kati ya 5. Iliyopungua ni ya hizo CPS6.