Mazda Roadster ya kwanza kwa mnunuzi wa Mtwara: bei, kodi na kutu

Miongoni mwa magari ya michezo ya zamani ambayo mtu wa kipato cha kati anaweza kuyafikiria bila kuuza shamba la mikorosho, Mazda Roadster ya kizazi cha kwanza, ile ambayo Wajapani waliiuza kwa jina la Eunos na Wamarekani wakaizoea kwa jina la MX-5 Miata, ndiyo ninayoiona kuwa na hesabu inayokubalika zaidi kwa mkazi wa Mtwara au Lindi. Inayokubalika, si rahisi. Gari lolote la zaidi ya miaka 30 lina bei mbili, ile inayotajwa na muuzaji na ile inayokuja baadaye kwa mafungu, na katika mikoa yetu ya kusini hiyo ya pili hutegemea hali ya bati kuliko hali ya injini.

Gari ninalolitathmini hapa, kwa niaba ya mtu anayetaka kulinunua, ni la mwaka 1990, jekundu, la gia za mkono, lenye usukani wa kulia, linalouzwa Shangani, Mtwara mjini, kwa shilingi milioni 28. Limekwishasajiliwa nchini na mwenyewe aliniruhusu kulikagua kwa nafasi, kisha kuliendesha hadi Mikindani na kurudi. Nilifuatana na fundi wa bodi, si fundi wa injini, na ningemshauri mnunuzi mwingine yeyote wa pwani hii afanye hivyo hivyo.

Barabarani gari hili lina raha ambayo takwimu zake haziielezi. Injini yake ni ya silinda nne, yenye ujazo wa sisi (cc) 1597, na nguvu zake ni kiasi cha farasi 115 hadi 120 kutegemea soko lililolengwa, kiwango ambacho leo gari la kawaida la familia hukifikia bila taabu. Lakini uzito wake haufiki tani moja, magurudumu yanayosukumwa ni ya nyuma, na mkono wa gia una safari fupi mno, kiasi kwamba kubadili kutoka ya pili kwenda ya tatu huwa ni kugeuza kifundo cha mkono tu. Katika kona za kandokando ya ghuba ya Mikindani usukani ulikuwa unanieleza kila kilichokuwa kikitokea chini ya tairi za mbele, na mwendo haukupita kilomita 70 kwa saa. Anayetafuta kasi ya kujivunia barazani atafute kitu kingine.

Kero zake nazo ni za wazi. Matuta ya barabarani ni adui wa gari hili, kwa sababu tumbo lake liko chini na bomba la moshi ndilo linalofikia tuta kwanza. Nililazimika kuyavuka mengine kwa mshazari, huku bodaboda wakinipita na kucheka. Mchana wa jua kali turubai, yaani paa lake la kukunja, likiwa limefunguliwa ni adhabu, na likiwa limefungwa bila kiyoyozi ni adhabu nyingine. Buti linatosha begi moja na mfuko wa korosho, tena gurudumu la akiba na betri vimekwishachukua sehemu yake. Mtu mrefu atagusa turubai kwa kichwa.

Ili kuelewa bei yake ni lazima kuelewa kwa nini lilitengenezwa. Mazda walilionyesha kwa mara ya kwanza Chicago mwezi Februari 1989, wakati magari madogo ya wazi ya Kiingereza kama MGB na Lotus Elan yalikuwa yamekwishatoweka katika viwanda na kubaki katika kumbukumbu za watu, pamoja na sifa yake ya kuvuja oili na umeme usiotabirika. Wajapani walichukua umbo na furaha ya magari hayo, wakaacha maradhi yake. Nchini Marekani liliuzwa kwa dola 13,800, na kufikia mwaka 2016 magari ya Roadster ya vizazi vyote yalikuwa yamepita milioni moja. Wingi huo ndio unaomlinda mnunuzi: gari lililotengenezwa kwa wingi halipandi bei kwa kichaa, na spea zake huendelea kutafutwa na kutengenezwa.

Linganisha na Datsun 240Z. Wazee wengi wa huku wanaikumbuka, au angalau wanakumbuka habari zake redioni, kwa sababu ilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1971, ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973, ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Ilipoingia soko la Marekani iliuzwa kwa dola 3,526. Leo iliyo safi huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola, na mwezi Januari 2020 moja iliyotunzwa karibu kama ilivyotoka kiwandani ilifikia dola 310,000 katika mnada wa mtandaoni. Tatizo ni kwamba bei za namna hiyo hufika masikioni mwa kila mwenye Datsun iliyochakaa chini ya mwembe, hata kama ni pikapu ya 1200, naye akaanza kuhesabu kwa dola. Mnunuzi hana sababu ya kumfuata katika hesabu hiyo. Bei ya mnada wa Marekani ni ya gari lenye kumbukumbu zote za matengenezo, bodi lisiloguswa na wanunuzi wengi wanaoshindana; hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopatikana Mtwara.

Tukirudi kwenye milioni 28, swali la kwanza ni kama ingekuwa nafuu kuagiza Japani. Tuseme gari limepatikana likiwa na thamani ya shilingi milioni 20 hadi bandarini, pamoja na usafiri na bima. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni milioni 5. Juu ya jumla hiyo ya milioni 25 unakuja ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini ya kati ya sisi 1001 na 2000, na asilimia 30 nyingine kwa sababu gari limepita miaka kumi. Hizo ni milioni 8 na laki saba na nusu. Kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 hutozwa juu ya vyote, yaani milioni 6 na zaidi kidogo. Gari la milioni 20 linakuwa limefika karibu milioni 40 kabla ya tozo ndogo ndogo, usajili, na safari ya kilomita zaidi ya 550 kutoka Dar es Salaam. Viwango hubadilika na bajeti, na TRA hawalazimiki kuikubali thamani iliyoandikwa kwenye ankara, kwa hiyo anayeagiza apitie kwanza kikokotoo chao. Hata hivyo picha haibadiliki: tozo ya uchakavu haitofautishi gari la kutunzwa na chakavu, na mpenzi wa magari ya kale huadhibiwa pamoja na mwagizaji wa mikweche.

Kwa hesabu hiyo gari ambalo kodi zake zimekwishalipwa lina thamani ndani yake isiyoonekana kwa macho, na milioni 28 inaonekana kuwa bei ya huruma. Hapo ndipo nilipoanza kuwa na shaka.

Mwenye gari, mtu muungwana wa makamo, alituhakikishia kwamba halina kutu hata chembe. Fundi wangu alimjibu kwa adabu, "Mzee wangu, gari lililolala Shangani miaka sita haliwezi kukosa kutu, labda tuseme hatujaiona." Hewa ya bahari yenye chumvi hufanya kazi usiku na mchana, na mvua za kuanzia Desemba hadi Aprili humalizia. Roadster ina udhaifu mahususi ambao kila mnunuzi anapaswa kuujua: maji yanayotiririka kutoka kwenye turubai hupita katika mifereji miwili nyuma ya viti, kisha hushuka na kutokea chini mbele ya magurudumu ya nyuma. Mifereji hiyo ikizibwa na majani na vumbi, maji hukaa ndani ya boriti za chini ya milango na kuzila kutoka ndani kuja nje, hata siku uvimbe unapoonekana kwenye rangi, bati la ndani huwa limekwisha zamani. Sumaku iliyofungwa kitambaa ilishika vizuri upande wa kulia. Upande wa kushoto, mbele kidogo ya gurudumu la nyuma, ilidondoka. Pale hapakuwa na bati bali puti ya kuzibia, na juu ya puti rangi nzuri sana.

Puti si dhambi, ila ni lazima iingie katika bei. Kukata bati lililooza, kulichomelea jipya lenye umbo sahihi, kulipaka dawa ya kuzuia kutu na kupaka rangi upande mzima ni kazi ya fundi mwenye subira, na boriti ile si pambo, kwani gari lisilo na paa hutegemea sakafu na boriti zake kubeba kila kitu. Njia rahisi ya kupima ni kuinua gari kwa jeki upande mmoja na kufungua mlango. Ukigoma au ukikwaruza, bodi linapinda. Ule wa kushoto ulikwaruza kidogo.

Injini ilinitia moyo zaidi. Matoleo ya mwanzo, hadi katikati ya mwaka 1991, yana krankshafti (mhimili mkuu wa injini) yenye ncha fupi ambayo boliti yake ikilegea hula njia ya ufunguo wake, yaani mfereji unaoishikilia puli ya mbele mahali pake, na hapo injini nzima huwa mashakani. Hutambulika kwa puli ya mbele yenye nafasi nne badala ya nane. Gari hili ni la nafasi nne, kama umri wake unavyoagiza, lakini puli haikuyumba injini ikiwa inanguruma, na hiyo ndiyo dalili ya kutazama. Geji ya presha ya oili katika magari ya miaka hiyo husoma presha ya kweli, tofauti na ya matoleo ya baadaye, nayo ilipanda na kushuka kama inavyotakiwa. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000. Mwenye gari hakuwa na karatasi ya kuthibitisha lini ulibadilishwa, kwa hiyo nauhesabu kuwa haujabadilishwa. Klachi ilikuwa nzito na oili yake ilikuwa ikivuja kwenye silinda ya chini, ugonjwa wa kawaida na wa bei nafuu.

Spea ni suala linalostahili uangalifu kuliko wauzaji wanavyotaka tuamini. Injini yenyewe ina undugu na zile za Mazda 323 na Familia, kwa hiyo vitu vya ndani hupatikana kwa kuulizia Dar es Salaam na kutumiwa kwa basi. Mnunuzi akumbuke tu kwamba barabara ile ni moja: kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilipoikata kule Kilwa, hata bidhaa za dukani zilikwama, sembuse gasketi ya Mazda. Vitu vya bodi, turubai na vioo vya taa zinazoibuka kutoka kwenye boneti itabidi viagizwe nje. Mazda wenyewe walianza tena kutengeneza baadhi ya vipuri vya kizazi hiki Japani, likiwemo turubai, jambo ambalo makampuni machache hulifanya kwa gari la bei hii.

Kuna watakaouliza kwa nini wasichukue Toyota MR2 ya kwanza, ya kati ya 1984 na 1989, yenye injini ya 4A-GE, ndugu wa injini za Corolla ambazo kila fundi wa Masasi na Nachingwea amezifungua. Hoja ni nzuri. Lakini injini ile iko nyuma ya viti, katika nafasi finyu na yenye joto, na mabomba ya maji husafiri urefu wote wa gari kutoka kwenye rejeta iliyo mbele. Kwa joto letu, na kwa mafundi waliozoea kuinama mbele ya boneti, Roadster inabaki kuwa rahisi kuhudumia.

Wakati wa kununua nao una uzito. Kuanzia minada ya korosho ya Oktoba hadi mwisho wa mwaka fedha huwa mikononi mwa watu na wauzaji hukaza. Kati ya Machi na Juni muuzaji yule yule hupokea simu mwenyewe. Gari la viti viwili lina wateja wachache sana kusini, hali inayomsaidia anayenunua leo na itakayomtesa siku atakapotaka kuuza, kwa hiyo anayetafuta faida ya haraka hana cha kufanya hapa.

Kwa gari la Shangani, nilimwambia aliyenituma kwamba asivuke milioni 21, akitenga nyingine 4 au 5 kwa boriti ya kushoto, mkanda, klachi na tairi. Alinganishe pia namba ya chasisi na ile ya kwenye kadi: lazima ianze na NA6CE kwa injini hii ya 1.6. Ikianza na NA8C, gari lilizaliwa na injini ya 1.8, na mwenye gari atakuwa na maelezo ya kutoa kabla ya fedha kuhesabiwa. Mwenye gari ameshuka hadi milioni 25 na amekataa zulia la ndani lifunuliwe upande wa kushoto. Mpaka lifunuliwe, milioni 21 ndiyo bei.