Jaji mwanachama na jaji mwenye kiti kwenye bodi

Jaji mmoja analipa ada ya uanachama katika shirika la haki za binadamu. Mwingine anaketi kwenye bodi yake. Huenda wana imani ileile, lakini mbele ya mwenye kesi hawako sawa hata kidogo.

Huyu wa pili tunaye mfano wake. Novemba 1998, Lord Hoffmann alikuwa miongoni mwa majaji watano wa Baraza la Malodi, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, walioamua kwa kura 3 dhidi ya 2 kwamba Augusto Pinochet, aliyewahi kuwa mtawala wa Chile, hana kinga dhidi ya kukamatwa. Amnesty International, shirika la haki za binadamu, ilikuwa imeruhusiwa kutoa hoja katika kesi hiyo, na Hoffmann alikuwa mkurugenzi na mwenyekiti wa kampuni ya hisani ya shirika hilo. Hakulitamka. Desemba uamuzi ukafutwa, ingawa hakuna aliyedai kwamba alipendelea kwa kweli: wadhifa wake pekee ulitosha. Majaji saba walisikiliza upya, na Machi 1999 Pinochet akanyimwa kinga kwa kura 6 dhidi ya 1, mashtaka mengi yakiwa yameanguka.

Mwanachama wa kawaida hafungwi na kanuni hiyo. Majaji waliofuta uamuzi wa kwanza walisema wazi kwamba tatizo ni kushika uongozi katika chombo kinachoshirikiana na upande mmoja wa kesi.

Hapo mimi naenda mbali kidogo. Shirika likiwa ndani ya kesi, hata mwanachama wa kawaida aseme mapema, kabla wakili hajafungua mdomo. Kujitoa si lazima, lakini kunyamaza hakukubaliki.