Chumba cha nyaraka mtandaoni: kizuri kwa mpangilio na ushahidi, si kufuli

Kampuni inayotafuta mnunuzi au mwekezaji lazima ifunue siri zake, ila kwa awamu. Kwa kazi hiyo chumba cha nyaraka, yaani tovuti yenye ulinzi ambamo wageni unaowaalika husoma faili zako, kinaishinda baruapepe kwa mbali, kwa sababu unaweza kumfungia mtu mlango hata baada ya kumkaribisha. Isipokuwa uliruhusu kupakua. Faili lisilo na kinga ya ziada likishashuka kwenye kompyuta yake, limekwenda.

Kinachostahili sifa zaidi ni ruhusa kwa makundi: kila kundi la wageni huona faili ulizolifungulia tu. Kabla ya mkataba wa kutunza siri, toa muhtasari usiotaja jina la kampuni. Baada ya saini, fungua hesabu na mikataba mikuu, majina ya wateja yakiwa yamefutwa. Bei ya kila mteja na fomula zisubiri hadi abaki mnunuzi mmoja. Akiwa ni mshindani, bei hizo wazione mawakili na washauri wake tu, kamwe si watu wa mauzo: kupeana bei kabla dili halijafungwa kunaweza kuvunja sheria za ushindani.

Daftari la matukio nalo ni hazina. Linaonyesha nani alifungua nini na lini, na baadhi ya huduma huhesabu hata muda kwa kila ukurasa. Siri ya biashara hulindwa kisheria pale mwenyewe anapoonyesha kwamba alichukua hatua za kuridhisha kuitunza, na daftari hili ni ushahidi wake.

Udhaifu mkubwa uko kwenye folda. Kwa kawaida faili jipya hurithi ruhusa za folda lilimoingia, na arifa zikiwa wazi, wageni wenye ruhusa hiyo huweza kupata ujumbe papo hapo. Zima arifa, pakia kwenye folda iliyofungwa, litazame kwa macho ya mgeni, ndipo ulihamishe.

Vifaa vya kufuta maneno vijaribiwe pia. Vingine hufunika tu kwa mstari mweusi: nakili sehemu hiyo, ibandike kwingine, na jina la mteja linatokea. Excel ni hatari zaidi, maana faili lake huweza kuwa na safu zilizofichwa, na jedwali la muhtasari (pivot table) huweza kubeba data yote lilikotoka. Toa PDF badala yake.

Alama ya maji (watermark) yenye baruapepe ya msomaji, inayochapwa juu ya ukurasa, haimzuii kupiga picha kioo kwa simu. Humtambulisha tu picha ikivuja.

Kuhusu malipo, epuka watoa huduma wanaotoza kwa ukurasa. Mikataba iliyoskaniwa hupandisha bili haraka.