Mapaa mawili ya Francis Kéré: Gando na London

Ukitaka kumwelewa Kéré, msanifu majengo mzaliwa wa Burkina Faso mwenye ofisi Berlin na mshindi wa Tuzo ya Pritzker 2022, tuzo kubwa ya usanifu majengo, tazama juu.

Shule ya Msingi ya Gando, kijijini kwao Burkina Faso, ilikamilika 2001. Bati likilala moja kwa moja juu ya darasa, mchana chumba huwa tanuri. Kéré alilinyanyua: kuta za matofali ya udongo yaliyotiwa saruji kidogo, juu yake dari ya matofali yaliyopangwa bila udongo wa kuunganishia, kisha uwazi, ndipo bati. Hewa moto hupenya kwenye nafasi za dari, na upepo unaopita katika uwazi huo huiondoa. Kenchi ni za nondo za kawaida: hakukuwa na haja ya winchi, msumeno wa mkono na mashine ndogo ya kulehemu vilitosha. Bati limezidi kuta kwa upana, kwa sababu tofali la udongo likichapwa na mvua huliwa taratibu.

Banda la Serpentine, jumba la sanaa la London, lilijengwa 2017 na lilikuwa la msimu mmoja tu: fremu ya chuma, kuta za mbao za buluu, wazo likitokana na mti wanaokutania watu Gando. Hapa paa halifukuzi mvua pembeni, linaivuta katikati, iporomoke kama maporomoko kisha imwagilie bustani. Linapendeza kweli. Ila paa la Gando lina kazi ngumu zaidi, na likikosea, watoto ndio wanaochemka.