Taa ya kijani ya kuvulia usiku: chukua taa, betri waachie

Seti hii huuzwa Nairobi mtandaoni na katika baadhi ya maduka ya vifaa vya umeme mjini. Ndani ya kasha mna mche wa plastiki angavu uliojaa LED za kijani pande zote, waya wa mita 5, betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7, na chaja ndogo. Kasha limeandikwa wati 30. Wanunuzi wengi ni watu wa kushuka Kilifi au Mtwapa wikendi, wakodi mashua na kuvua kwa mshipi ghubani.

Taa ni nzuri. Kijani si pambo: katika maji ya pwani hupenya mbali, ilhali nyekundu humezwa mapema. Taa ikishazama, vijidudu vya majini hukusanyika, dagaa huvifuata, ngisi huwafuata dagaa, na kolekole na mzia huvizia pembeni gizani. Ndiyo maana chambo hutupwa pale mwanga unapofifia. Anayetupa katikati ya mwanga ataambulia vidagaa vya kula chambo.

Tatizo ni betri. Wati 30 kwa volti 12 ni ampea 2.5, kwa hiyo ampea-saa 7 kwenye karatasi hazifiki saa tatu. Lakini hiyo ni betri ya madini ya risasi (lead-acid): ukiinyonya haraka hutoa pungufu ya ilichoandikiwa, na ukiishusha chini ya nusu kila mara inakufa kabla ya wakati wake. Hesabu saa moja na nusu ya kazi. Ukiwasha saa moja usiku, taa itaanza kufifia saa mbili na nusu, wakati dagaa ndio kwanza wamejaa. Muuzaji akikwambia inakesha, mwombe akupigie hesabu hiyo.

Kuvua hadi saa sita usiku kunahitaji ampea-saa 12.5 halisi. Betri ya risasi ya 26 inatosha, ila ina kilo 8 hivi, na kuibeba kutoka Nairobi ni adhabu. LiFePO4, aina ya betri ya lithiamu, ya 18 ina uzito wa kama kilo 2 na haidhuriki ikitumika zaidi ya nusu. Inunulie chaja yake. Hii ya kwenye kasha ni ya betri ya risasi.

Kabla ya kulipa, omba ndoo ya maji na mita ya kupimia ampea. Zamisha taa, washa, pima ampea. Ukiona 1.2, hiyo ni taa ya wati 15 iliyovaa lebo ya 30. Ndoo haina mbadala, kwa sababu LED hizi hupozwa na maji na zikiwashwa hewani huungua. Kisha pinda waya pale unapoingia kwenye mche: mpira ukiachia hata ufa mwembamba, rudisha. Chumvi itapita hapo, na dalili ya kwanza ni ukungu ndani ya plastiki.

Chomboni, weka fyuzi ya ampea 5 karibu na ncha chanya ya betri. Vibanio vilivyokuja na waya hushika kutu upesi. Vikate, ufunge vishikio vya skrubu na kupaka grisi. Mche huelea, kwa hiyo ufungie chubwi (kizito cha kuzamishia) ya nusu kilo au zaidi, na uning'inize kwa kamba. Ukining'inia kwa waya wake, ule mpira utafunguka. Washa ikishazama, zima kabla ya kuivuta, na ioshe kwa maji yasiyo na chumvi ukirudi.

Hata taa bora haishindani na mbalamwezi. Mwezi mwandamo una giza zuri, lakini ndio wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana: mkondo huivuta taa ikalala chini ya chombo na mishipi ikasokotana. Afadhali tarehe 21 hadi 24 za mwezi wa Kiislamu. Maji ni mafu, yaani hayajai wala kupwa sana, na mwezi hauchomozi hadi karibu usiku wa manane.

Waulize kama wanauza taa peke yake. Wakikataa, ile betri ya 7 isitupwe: ni ya aina ile ile inayofungwa kwenye ving'ora vya nyumbani.