Uzoefu wangu: seti ya plastiki ya kuunda molekuli ya C60

Nilitafuta kitu cha kufundishia alotropi za kaboni (maumbo tofauti ya kaboni tupu, C60 ikiwa mpira wa atomu 60) kidato cha sita, nikaagiza seti hii mtandaoni. Boksi lina vigololi 60 vyeusi vya atomu, kila kimoja kina matundu matatu, na vijiti 90 vya bondi, yaani viungo kati ya atomu, pamoja na vichache vya akiba. Hesabu imekaa sawa: atomu 60 mara bondi tatu, gawa kwa mbili, maana kila bondi ni ya atomu mbili.

Karatasi ya maelekezo haina maana, ni picha ya mpira uliokwisha kuundwa, basi. Anza na pembetano moja, izungushie pembesita tano, kisha endelea huku ukihakikisha pembetano mbili hazigusani popote. Utamu uko hapa: ukiunganisha pembesita tupu, kazi yako inalala bapa mezani, kama tabaka moja la grafiti, ile kaboni ya penseli. Ukichomeka pembetano, kingo zinainuka zenyewe. Mwishowe unapata pembetano 12 na pembesita 20, sawasawa na ule mpira wa miguu wa vipande vyeusi na vyeupe. Wanafunzi wangu walihangaika kuufunga kwa pembetano 11, wapi! Hata C70, ndugu yake wa atomu 70, ina 12 zilezile. Kilichoongezeka ni pembesita, zimefika 25.

Vijiti vya mwisho vinabana kwelikweli. Plastiki inageuka nyeupe pale inapopinda, na kimoja kilikatika, kwa hiyo msizipoteze zile akiba.

Kilichoniudhi zaidi ni vijiti vyote kuwa rangi moja na urefu mmoja. Katika C60 halisi, bondi 30 zilizo kati ya pembesita mbili zina tabia ya bondi maradufu (double bond) na ni fupi, kama nanomita 0.140, zile 60 zinazopakana na pembetano ni kama 0.145. Muuzaji angeweka rangi mbili tu ingetosha. Mimi nimepaka vijiti 30 rangi ya kucha nyekundu.

Kama bei inakushinda, kata karatasi. Mwanakemia Smalley, aliyegundua molekuli hii na wenzake Kroto na Curl huko Houston mwaka 1985 wakapata Nobel 1996, naye aligundisha vipande vya karatasi usiku mpaka umbo likakubali.

Nyota nne kati ya tano.